Asidi na besi kwa anayeanza: mfuate protoni, uache kukariri

Kabla ya kushika chupa yoyote, kuna neno moja la Kiswahili inabidi tuliweke pembeni: kali. Siki ni kali, dawa ni kali, pilipili ni kali, mbwa ni mkali. Katika mazungumzo neno hilo linatutosha. Katika kemia linaficha mambo mawili yasiyohusiana, na nimeona wanafunzi wenye bidii wakikwama miezi kwa sababu hakuna aliyewatenganishia. "Asidi kali" inaweza kuwa ile inayoachia protoni zake zote mara inapoingia majini. Inaweza pia kuwa ile iliyojaa tele kwenye maji machache. Ya kwanza nitaiita asidi yenye nguvu, na kinyume chake ni asidi dhaifu. Ya pili nitaiita asidi iliyokolea, na kinyume chake ni asidi iliyozimuliwa. Shika maneno hayo manne. Tukifika hatua ya tano utaona kazi yake.

Jambo la pili la kushika ni protoni yenyewe. Atomu ya haidrojeni ya kawaida ina protoni moja na elektroni moja, basi. Ikipoteza elektroni, kinachobaki ni protoni tupu, nasi tunaiandika H⁺. Asidi ni kitu kinachoitoa protoni hiyo, besi ni kitu kinachoipokea. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1923 na watu wawili, kila mmoja kivyake: Johannes Brønsted huko Copenhagen na Thomas Lowry huko Cambridge. Kila swali la asidi na besi utakalokutana nalo mwanzoni, jiulize: protoni inatoka wapi, inakwenda wapi? Ukishapata jibu, sehemu kubwa ya swali imekwisha.

Hatua ya 1: Jikinge kwanza

Vaa miwani ya kinga hata kama unapima siki tu. Jicho halina subira.

Ukizimua asidi iliyokolea, mimina asidi ndani ya maji, polepole, huku ukikoroga. Usimimine maji ndani ya asidi. Sababu ni hii: asidi ya salfuriki inapokutana na maji hutoa joto jingi sana. Maji ni mepesi kuliko asidi hiyo, kwa hiyo ukiyamimina juu yake yanaelea, yanachemka papo hapo na kurusha matone ya asidi usoni. Ukifanya kinyume, maji mengi yaliyopo chini yanalibeba lile joto.

Watu wengi huiogopa asidi na kuidharau besi. Wanakosea. Asidi ikikugusa unaisikia mara moja na kukimbilia maji. Sodiamu haidroksaidi, ambayo imo kwenye dawa nyingi za kuzibulia mabomba, mwanzoni unaiona inateleza tu kama sabuni. Na kweli ni sabuni: inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni, kisha inaendelea kupenya ndani. Kwenye jicho ni balaa zaidi. Ikimwagikia mwilini, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au 20 bila kukatisha. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo, kisha nenda hospitali. Usijaribu kuipaka siki ili kuivunja nguvu, maana mmenyuko wenyewe hutoa joto na utaongeza jeraha juu ya jeraha.

Tena, dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini isikaribie mwongozo huu kabisa. Ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya klorini; ikichanganywa na amonia hutoa mivuke ya kloramini. Zote mbili huharibu mapafu.

Hatua ya 2: Tengeneza kiashiria chako

Kiashiria ni rangi inayobadilika kulingana na wingi wa protoni kwenye mmumunyo. Maabara zina litmasi, ambayo hutokana na kuvu-mwani wanaoota juu ya miamba na magome. Lakini kiashiria cha kuanzia ninachokipenda kuliko vyote ni kabichi la zambarau, kwa sababu litmasi inakupa rangi mbili tu ilhali kabichi linakupa karibu upinde wa mvua mzima.

Katakata majani mawili matatu vipande vidogo. Yaweke kwenye bakuli, mwagia maji ya moto hadi yafunikwe, uache robo saa. Maji yatageuka zambarau iliyoiva. Chuja, acha yapoe. Rangi hiyo inaitwa anthosianini, na molekuli yake yenyewe hupokea na kuachia protoni. Kila inapofanya hivyo umbo lake hubadilika, na umbo likibadilika, aina ya mwanga inaoufyonza hubadilika pia. Kwa maneno mengine, kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu iliyojaliwa rangi. Hakiangalii mchezo kutoka nje. Kimo uwanjani, kinapokonywa protoni na kurudishiwa. Ndiyo maana unatumia matone machache tu: ukikimimina kwa wingi kitaanza kubadili kile unachokipima.

Maji hayo huharibika baada ya siku chache, kwa hiyo yatunze kwenye friji. Ukitaka ya kukaa muda mrefu, lowesha karatasi ya kuchujia, ianike kivulini na uikate vipande.

Hatua ya 3: Pima, na uandike

Panga glasi ndogo zinazopenya mwanga juu ya karatasi nyeupe. Katika ya kwanza weka maji matupu na kiashiria. Hiyo ndiyo ya kulinganishia, usiiruke. Katika nyingine weka maji ya limau, siki, magadi soda yaliyoyeyushwa, maji ya sabuni, na maji yaliyopitishwa kwenye majivu ya kuni kisha yakachujwa. Tia matone matano ya kiashiria kila moja.

Kwenye asidi utaona wekundu au waridi. Karibu na katikati rangi inabaki zambarau, kisha inaelekea buluu kwenye magadi soda. Besi zaidi ya hapo huleta kijani, na zenye nguvu sana hufikia njano. Maji ya majivu yatakupa kijani, kwa sababu yana potasiamu kaboneti. Si ajabu: neno alkali lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni majivu ya mimea. Alkali ni besi inayoyeyuka majini. Kila alkali ni besi, lakini si kila besi ni alkali; oksidi ya shaba ni besi, na huiyeyushi majini hata ukoroge mpaka kesho.

Andika rangi uliyoiona, siyo uliyoitarajia. Siku moja maji safi yaliyokenekwa yatakuonyesha uasidi kidogo nawe utadhani umekosea. Hujakosea. Maji yakikaa wazi hunywa kaboni dioksidi kutoka hewani, nayo hutengeneza asidi dhaifu ya kaboniki. Hata mvua safi, isiyoguswa na moshi wa kiwanda chochote, ina pH ya karibu 5.6 kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Igeuze rangi kuwa namba

Mwaka 1909, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika Maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alichoshwa na kuandika sufuri nyingi. Alikuwa akichunguza vimeng'enya (protini zinazoharakisha mimenyuko ya viumbe hai), ambavyo utendaji wake hutegemea mno wingi wa ioni za haidrojeni, yaani zile H⁺ (ioni ni chembe yenye chaji ya umeme), na wingi huo huandikwa kwa namba kama 0.0000001. Akapendekeza tuhesabu kwa logi, yaani kipeo cha 10 kinachotoa namba hiyo, na alama yake hasi ibadilishwe kuwa chanya. Hiyo ndiyo pH.

Kanuni: pH = −log[H⁺], ambapo [H⁺] ni moli za ioni za haidrojeni kwa kila lita (moli ni fungu la kuhesabia chembe, kama dazeni, ila kubwa mno). Ikiwa ni 0.1, pH ni 1. Ikiwa ni 0.01, pH ni 2. Ikiwa ni 0.001, pH ni 3. Angalia mambo mawili. Namba inapopanda, uasidi unashuka. Na kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo mmumunyo wa pH 3 una ioni za haidrojeni mara 1,000 kuliko wa pH 6, siyo mara mbili kama namba zinavyokushawishi. Hapa pasome taratibu, hata mara tatu.

Maji matupu nayo yana protoni zinazotembea. Molekuli moja ya maji humpa jirani yake protoni, na matokeo ni H₃O⁺ moja na OH⁻ moja. (Protoni haikai peke yake majini, hung'ang'ania molekuli ya maji. Tunapoandika H⁺ tunafupisha tu.) Hutokea kwa nadra sana: kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ni kama molekuli moja tu iliyogawanyika kati ya milioni 555. Hiyo inatoa [H⁺] ya 10⁻⁷, yaani pH 7. Ukizidisha [H⁺] kwa [OH⁻] unapata 10⁻¹⁴, na zao hilo halibadiliki katika mmumunyo wowote wa kawaida wa majini kwenye joto hilo. Moja ikipanda, nyingine lazima ishuke.

Kwa hiyo ukiambiwa sodiamu haidroksaidi ya moli 0.01 kwa lita, usitafute protoni moja kwa moja. [OH⁻] ni 10⁻², pOH (hesabu ile ile ya logi, ila kwa OH⁻) ni 2, pH ni 14 − 2 = 12.

Sasa mitego miwili ninayoipenda kwa sababu inampima mtu kama ameelewa. Wa kwanza: pH 7 si alama takatifu. Maji yakipashwa joto, molekuli nyingi zaidi hugawanyika. Kwenye nyuzi 37, joto la mwili, maji matupu yana pH ya karibu 6.8, na bado si asidi wala besi, maana H⁺ na OH⁻ ziko sawa. Wa pili: asidi ya haidrokloriki ikizimuliwa hadi moli 10⁻⁸ kwa lita, pH ni ngapi? Ukitumia kanuni bila kufikiri utasema 8, yaani asidi imegeuka besi kwa kuongezewa maji! Haiwezekani. Umesahau protoni za maji yenyewe, ambazo sasa ni nyingi kuliko za asidi. Hesabu kamili inatoa 6.98.

Hatua ya 5: Tenganisha nguvu na ukolezo

Chukua mimumunyo miwili, yote ya moli 0.1 kwa lita. Mmoja ni asidi ya haidrokloriki, mwingine ni asidi ya asetiki, ile ya kwenye siki. Ukolezo ni ule ule. Pima pH: wa kwanza ni 1, wa pili ni karibu 2.9. Kulikoni?

Asidi ya haidrokloriki hutoa protoni zote. Kati ya molekuli 1,000 hakuna hata moja iliyobaki nzima kwa kipimo chetu. Asidi ya asetiki ina mkono wa birika: kati ya molekuli 1,000, kama 13 tu ndizo zimeachia protoni kwa wakati wowote ule, na hizo nazo huzichukua tena huku nyingine zikitoa. Hiyo ndiyo maana ya nguvu. Ni tabia ya molekuli, haibadiliki kwa kuongeza maji. Ukolezo ni idadi ya molekuli ulizotia kwenye lita, na huo unaubadilisha wewe.

Kama uko maabara, tia kipande cha utepe wa magnesiamu, urefu ule ule, katika kila mmumunyo. Kwenye haidrokloriki mapovu ya haidrojeni yanafoka. Kwenye asetiki yanapanda moja moja, kwa utaratibu. Wengi huondoka hapo wakiamini asidi ya pili ina protoni chache. Usiondoke. Subiri mpaka magnesiamu iishe na upime gesi yote: ni kiasi kile kile. Zile protoni zilikuwapo, zimeshikiliwa. Kila magnesiamu inapotumia chache zilizo huru, molekuli nyingine zinaachia za kwao kujaza pengo, mpaka mwisho. Jaribio hili moja limenifundisha zaidi ya kurasa nyingi nilizokariri.

Na tafadhali usisome "dhaifu" kama "salama". Asidi ya haidrofloriki ni dhaifu kwa maana yetu, inaachia protoni kwa uchoyo. Lakini hupenya ngozi, hukamata kalsiamu ya mwili na inaweza kuua. Hata kioo inakila. Kwa upande wa pili, asidi ya haidrokloriki yenye nguvu, ikizimuliwa vya kutosha, haitakudhuru. Tumbo lako mwenyewe huitengeneza kila siku.

Hatua ya 6: Zikutanishe

Asidi na besi zikikutana huvunjana nguvu, na vitabu huandika hivi, HCl ikiwa asidi ya haidrokloriki na NaOH sodiamu haidroksaidi:

HCl + NaOH → NaCl + H₂O

Ni sahihi, ila inamficha mhusika. Sodiamu na kloridi zilikuwa zikielea kama ioni kabla, na baada ya mmenyuko bado zinaelea. Ni watazamaji. Kilichotokea hasa ni H⁺ + OH⁻ → H₂O. Ushahidi wake ni mzuri sana: pima joto linalotoka unapochanganya asidi yoyote yenye nguvu na besi yoyote yenye nguvu, katika mimumunyo iliyozimuliwa, na utapata karibu kilojuli 57 kwa kila moli ya maji yanayotengenezwa. Badilisha sodiamu kwa potasiamu, badilisha kloridi kwa naitreti, joto halisogei. Lisingebaki pale pale kama watazamaji wangekuwa na kazi.

Watu hodari wamewahi kumtafuta mhusika mahali pasipo pake. Antoine Lavoisier aliamini kila asidi lazima iwe na oksijeni, na jina oksijeni lina maana ya mzalishaji wa asidi katika mizizi yake ya Kigiriki. Mwaka 1810 Humphry Davy akaonyesha kwamba klorini ni elementi, kwa hiyo asidi ya haidrokloriki haina oksijeni kabisa. Jina lilibaki, wazo likaondoka.

Hatua ya 7: Pima kiasi kwa taitresheni

Hapa ndipo unapotumia yote uliyojifunza. Taitresheni ni kutia besi kidogo kidogo kwenye asidi mpaka zivunjane nguvu kabisa, ili ujue ukolezo usiojulikana. Una asidi ya haidrokloriki usiyojua ukolezo wake, na una sodiamu haidroksaidi ya moli 0.100 kwa lita.

Suuza bureti (mrija mrefu wenye vipimo, na bomba chini yake) kwa ule ule mmumunyo wa besi utakaoujaza, siyo kwa maji peke yake, maana maji yatakayobaki ukutani yatauzimua. Pipeti, mrija wa kuchotea ujazo kamili, nayo isuuze kwa asidi. Lakini flaski ya koni isuuze kwa maji yaliyokenekwa tu. Fikiri kwa nini: kwenye flaski unahitaji idadi kamili ya moli ulizopimia, na maji hayaongezi wala hayapunguzi moli. Tone la asidi lililobaki lingeziongeza.

Jaza bureti, toa mapovu kwenye ncha yake, na uondoe faneli, kwa sababu tone moja likidondoka baadaye litaharibu hesabu. Pima mililita 20.0 za asidi kwa pipeti, zitie kwenye flaski, weka matone mawili ya fenolifthaleini, kiashiria kisicho na rangi kwenye asidi na cha waridi kwenye besi. Soma bureti jicho likiwa usawa wa chini ya mbinuko wa mmumunyo. Fungua bomba, zungusha flaski. Mara ya kwanza nenda haraka, ujue tu ni wapi takriban. Mara zinazofuata, ukikaribia, tone kwa tone.

Mwisho ni waridi hafifu inayodumu nusu dakika. Ukipata waridi ya kukolea, umepita, rudia. Rangi ikififia baada ya dakika kadhaa usishtuke, kaboni dioksidi ya hewani imeingia. Endelea mpaka vipimo viwili vitofautiane kwa si zaidi ya mililita 0.1.

Tuseme ulitumia mililita 25.0 za besi. Moli za besi ni 0.100 × 0.0250 = 0.00250. Kila HCl hutoa protoni moja, kila NaOH hupokea moja, kwa hiyo moli za asidi ni 0.00250. Gawanya kwa lita 0.0200: ukolezo ni moli 0.125 kwa lita. Ingekuwa asidi ya salfuriki, H₂SO₄, kila molekuli ingetoa protoni mbili, na moli za asidi zingekuwa nusu, 0.00125. Mwanafunzi anayekariri kanuni husahau hapa. Anayehesabu protoni hasahau.

Ungepima siki badala yake, utaratibu ni ule ule, na besi itahitaji kukusanya kila protoni, zilizo huru na zilizoshikiliwa, kama magnesiamu ilivyofanya. Tofauti iko mwishoni. Protoni zote zikishachukuliwa, kinachobaki kwenye flaski ni sodiamu na ioni za asetati. Asetati ni ile asidi yenye mkono wa birika ikiwa imeshanyang'anywa, na bado inatamani protoni. Inayapokonya maji kidogo, inaacha OH⁻ nyuma, na pH inatua juu ya 7, kwenye 8 na kitu. Methili oranji, kiashiria kingine, hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, ingekuambia umemaliza ilhali kazi bado sana. Fenolifthaleini hubadilika kati ya 8.2 na 10, kwa hiyo kwa siki ndiyo unayoichukua.